Gia ya boti imekuwa ngumu kuingia na kutoka, tatizo ni waya au mguu wa mashine?

Nahodha_wa_Chole

Salaam wakuu. Naomba msaada wenu kabla sijaanza kununua vitu ovyo. Niko Mafia, Kilindoni, nina boti ya faiba ya mita 7, mashine moja farasi 75 ile ya kuchanganya oili na petroli, mkono mmoja wa gia na moto (yaani wa kuongeza kasi ya mashine) pembeni ya usukani. Tangu kusi imalizike gia imeanza kuwa ngumu. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu ikishapata moto inalainika, sasa hivi ngumu muda wote, kuweka mbele inabidi usukume kwa nguvu mpaka boksi lenyewe la mkono linatikisika kwenye ukuta wa boti, na kutoa mbele kurudi frii, pale propela haizunguki, ndio balaa zaidi, unavuta unavuta halafu ghafla inaruka inapitiliza frii inaingia rivasi.

Hiyo ya kupitiliza ndiyo inaninyima usingizi, maana msimu wa potwe (papa nyangumi) ndio huu umeanza na kazi yangu ni kupeleka wageni kuogelea nao. Ukimfikia potwe unatakiwa uweke frii wageni washuke taratibu, sasa gia ikipitiliza rivasi na watu wako majini nyuma ya boti mnajua wenyewe kitakachotokea.

Fundi wa hapa kaja kaangalia dakika chache kasema meno ya gia yamekwisha, nitafute mguu mzima wa chini wa mtumba, ile sehemu yenye gia na propela. Bei aliyonitajia naweza kununua dau. Kabla sijafika huko nataka kujua kuna namna ya kupima mwenyewe nikajua tatizo liko wapi? Spana ninazo, na mashine naijua kiasi, impela ya pampu ya maji nabadilisha mwenyewe.

FundiBahari_Mkokotoni

Waalaikum salaam kaka. Usinunue kitu bado. Nijibu haya kwanza:

Ukizima mashine kabisa mkono bado mgumu au unakuwa mwepesi? Ukikata usukani kulia au kushoto mpaka mwisho ugumu unabadilika? Ukiinua mashine juu je? Impela umebadilisha lini, kabla gia haijaanza kusumbua au baada? Na ukiwa safarini na moto mwingi gia inashika vizuri au inaruka na kupiga kelele ya kusaga?

Hilo la mwisho nijibu kwa uhakika, maana fundi wako kasema meno.

Nahodha_wa_Chole

Shukrani fundi. Mashine ikizimwa mkono bado mgumu vilevile. Usukani nikikata kushoto mpaka mwisho unakuwa mgumu zaidi, kulia unapungua kidogo. Kuinua sijajaribu. Impela nilibadilisha muda mrefu kabla ya hili tatizo na gia ilikuwa safi tu baada ya hapo. Safarini haijawahi kuruka hata na boti imejaa, ikishaingia imeingia, haina kelele yoyote.

FundiBahari_Mkokotoni

Basi mguu wako usiuguse kwa sasa, na huo wa mtumba usinunue.

Sikiliza, kuna mambo mawili watu wanayachanganya sana huku kwetu. Gia NGUMU ni kitu kimoja na gia INAYORUKA ni kitu kingine. Mle ndani ya mguu hakuna klachi kama ya gari, kuna gia ya mbele na gia ya rivasi zote zinazunguka muda wote mashine ikiwaka, katikati yake kuna kipande chenye meno kinateleza kwenye shafti ya propela, ukiweka mbele kinasukumwa kikamate gia ya mbele, ukiweka rivasi kinakwenda upande wa pili, frii kinakaa katikati hakigusi kitu. Meno ya hicho kipande yakilika pembe zinakuwa mviringo, ukiongeza moto yanashindwa kushika, yanateleza, unasikia krrrr na boti inapoteza nguvu. Hiyo ndiyo dalili ya meno. Wewe huna hiyo. Wewe una ugumu wa mkono, tena mashine ikiwa imezimwa, tena unabadilika ukikata usukani. Mguu haujui usukani umekata wapi, anayejua ni waya, kwa sababu mashine ikigeuka waya unapinda.

Lakini mimi niko mbali sijaiona, kwa hiyo usiniamini kwa maneno, pima. Kupima kwenyewe ni kuligawa tatizo vipande: mkono na boksi lake, waya, halafu mashine. Unatenganisha kimoja kimoja unaona ugumu umebaki upande upi.

Boti iwe imefungwa au imekaa mchangani, mashine imezimwa, funguo mfukoni mwako si kwenye swichi, ile kamba nyekundu ya kuzimia toa, na vichwa vya plagi vyote chomoa. Hili usiliruke maana utashika propela kwa mkono.

Fungua kava la juu. Utaona nyaya mbili zinaingia kutoka mbele, mmoja unakwenda kwenye kabureta huo ni wa moto, mwingine unakwenda kwenye mkono mdogo wa chuma pembeni chini, huo ni wa gia. Weka mkono wa usukani frii. Toa ile pini ya kufuli mwisho wa waya wa gia, inua waya utoke kwenye kidole chake (kile kichuma kinachoushikilia), uachie uning'inie. Kabla hujatoa chukua picha na simu, na hesabu nyuzi ngapi za skrubu zimeingia kwenye kichwa cha waya.

Sasa rudi kwenye usukani upeleke mkono mbele na nyuma. Ukiwa mgumu vilevile, mashine haina kosa, tatizo ni waya au boksi. Ukiwa mwepesi, basi tatizo liko kwenye mashine au mguu.

Halafu nenda nyuma, shika ule mkono mdogo wa chuma wa kwenye mashine kwa vidole usogeze mbele na nyuma huku mtu anazungusha propela POLEPOLE. Propela lazima izungushwe, usiposikia hili utadhani mguu umekufa kumbe hauna shida. Meno yakikutana ana kwa ana hayaingii hata ukining'inia, inabidi propela isogee kidogo yapate nafasi ndio yadondokee mahali pake. Ndio maana pia nawakataza watu kulazimisha gia mashine ikiwa imezimwa, unapinda fito za gia bure. Ikiingia mbele ukizungusha propela utahisi uzito wa injini. Frii inazunguka bure.

Mwisho fungua boksi la mkono, chomoa waya na huko pia, sogeza mkono peke yake. Unatakiwa uusikie unagonga ka ka ka, mbele frii rivasi, wazi kabisa. Na waya wenyewe ukiwa huru pande zote mbili usukume na kuuvuta kwa mkono, unatakiwa uteleze bila kugoma.

Pima uje useme.

Dullah_speedboat

Mkuu hapo ni grisi tu, mimi yangu hua napiga WD-40 mwisho wa waya na grisi ya kutosha inalainika siku hiyohiyo, msimtishe mtu na kufungua maboksi. Na kwenye boksi kuna skrubu ya kulegeza mkono, ilegeze utaona.

FundiBahari_Mkokotoni

Dullah ndugu yangu, ile skrubu inakaza mkono wa MOTO ili usirudi wenyewe ukiuachia, haihusiani na gia hata kidogo. Akiilegeza mkono utakuwa unarudi wenyewe kwa mtetemeko wa mashine na gia itabaki ngumu ileile.

Na hiyo ya kupulizia, ndiyo, inalainika, halafu baada ya muda mfupi inarudi ngumu kuliko mwanzo. Waya wa gia wa kisasa ndani una bomba la plastiki linalotelezesha chuma, haukutengenezwa kuwekewa grisi ndani. Grisi ikiingia inakamata chumvi na mchanga, inaganda. Grisi ya baharini inapakwa nje tu, kwenye ile fimbo inayotoka mwisho wa waya na kwenye viungo, paka nyembamba baada ya kufuta uchafu. Ukiona waya unahitaji kupuliziwa ndio ufanye kazi, huo umeshakufa, umebaki kukuchagulia siku ya kukwama.

Dada_wa_Matemwe

Mimi si fundi, naendesha boti ya wapiga mbizi upande wa Mnemba, ila kwa hili la wageni naomba niseme. Kaka tafadhali boti hiyo isishushe mtu majini mpaka gia ikae sawa. Si kwamba uwe mwangalifu zaidi, isishushe kabisa. Boti ambayo huna uhakika nayo kama iko frii ni boti ambayo propela inaweza kuzunguka wakati wowote, na muogeleaji wa potwe anatazama chini, masikio yako majini, hata ukipiga kelele hakusikii.

Sisi kwetu hata gia ikiwa nzima, mtu hashuki mpaka nahodha aseme frii kwa sauti na msaidizi aliyeko nyuma ajibu ameona propela imesimama, na wakati wa kupanda ngazini mashine inazimwa kabisa si frii. Ile ya kuzima wengi wanaiona usumbufu kwa sababu wanaogopa mashine isiwake tena, lakini kama una wasiwasi mashine haitawaka basi hilo nalo ni la kutengeneza kabla ya safari.

Kwa sasa kama una jirani mwenye boti nzima mpe hao wageni mgawane. Utakosa kidogo.

Nahodha_wa_Chole

Dada nimekuelewa na nimeshafanya hivyo, wageni wa wiki hii nimewapa mwenzangu, boti iko mchangani.

Fundi majibu haya hapa. Nimetoa waya upande wa mashine, mkono bado mgumu vilevile, tofauti hakuna. Ule mkono mdogo wa chuma kwenye mashine nimeusogeza na kijana wangu anazungusha propela, unaingia mbele tak, unatoka, unaingia rivasi tak, kwa vidole viwili tu. Nikashangaa sana, maana huo ndio mguu niliambiwa umekwisha. Nikatoa na oili ya gia kidogo kwenye skrubu ya chini kuangalia, nyeusi kidogo lakini haina rangi ya maziwa ya kuingia maji na ile sumaku ya skrubu ina ungaunga laini tu, vipande hakuna.

Boksi nimefungua, waya nikachomoa, mkono peke yake unagonga vizuri kabisa, mbele, frii, rivasi, kila kimoja unakisikia.

Waya sasa. Nilipousukuma kwa mikono miwili haukwenda. Nikaufuata wote kwa kupapasa kutoka boksi mpaka nyuma. Pale unapotoka kwenye ukuta wa nyuma wa boti kuingia kwenye mashine kuna mahali umekata kona kali, na ndani ya hiyo kona ganda jeusi la nje limepasuka mstari mdogo kama wa kucha, pembeni yake limevimba. Nikalichana kwa kisu kuona, kumbe chini ya plastiki kuna nyuzinyuzi za chuma zimezunguka, zote zimekuwa kutu, zimefura zimekuwa unga wa rangi ya matofali, zinabana lile bomba la ndani. Ile fimbo ya mwisho nayo ina vishimo vya kutu na grisi ya zamani imeganda imekuwa ngumu na nyeupe. Na karibu na tangi la mafuta nimekuta nyaya zimefungwa pamoja na zip tai zimekazwa mpaka zimeingia kwenye plastiki.

Kwa hiyo ni waya. Maswali: naweza kuweka waya wa aina nyingine, kuna mtu anauza waya wa bodaboda mrefu? Na urefu napimaje, maana huku duka hakuna, naagiza Dar uletwe kwa boti ya Nyamisati, nikikosea ni kurudisha.

FundiBahari_Mkokotoni

Alhamdulillah, umepima vizuri kuliko mafundi wengi. Na hiyo ya kupitiliza frii sasa unaielewa: waya umebanwa, unavuta mkono haujibu, waya wenyewe unajikunja na kujivuta ndani kama springi, halafu ukiachia pale ulipobanwa unatoka wote kwa mpigo. Mguu ulikuwa unafuata tu unavyosukumwa.

Waya wa bodaboda HAPANA. Waya wa klachi au breki ya pikipiki kazi yake ni kuvuta, springi ndio inarudisha. Waya wa gia ya boti unavuta na KUSUKUMA, ndani una chuma kigumu si kamba. Ukiweka wa pikipiki utapata gia upande mmoja na kurudi hairudi, utakuwa umerudi kulekule kwa hatari uliyoikimbia.

Urefu. Kwanza angalia ganda la waya wa zamani, mara nyingi kuna namba imechapwa na ndani yake urefu upo, kwa kawaida kwa futi. Kama haisomeki, pima kwa kamba kutoka boksi ufuate njia waya unapopita mpaka katikati ya mashine, halafu ongeza kama futi 4 za kile kitanzi kinachofanya mashine igeuke na kuinuka bila kuvuta waya. Ukiangukia katikati ya saizi mbili chukua ndefu. Na mfupi uliokuwa nao huenda ndio ulioleta kona kali. Waya wa kawaida kitanzi chake kisiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 20, ukikunja zaidi ya hapo unaua bomba la ndani hata kama nje unaonekana mzima.

Njia ya kupita nayo ibadilishe. Usipitishe waya mpya kwenye kona ileile, vinginevyo tutaonana hapa hapa msimu ujao. Zip tai weka za kushikilia tu, waya uweze kusogea kwa kidole.

Kufunga: mkono wa usukani frii, mkono mdogo wa mashine frii, hakikisha propela inazunguka bure. Funga upande wa boksi kwanza. Upande wa mashine zungusha kile kichwa cha waya mpaka tundu lake likae LENYEWE juu ya kidole, usivute wala usisukume kulifikisha. Ukilazimisha hata milimita chache frii yako itakuwa imeegemea upande mmoja na utarudi kulalamika inagonga. Kichwa kiingie kwenye nyuzi angalau milimita 8, vitabu vya Yamaha vimeandika hivyo na mimi nafuata kwa mashine zote, kikiingia kidogo kinaweza kuchomoka safarini. Kaza nati ya kufungia, rudisha pini, paka grisi ya baharini kwenye kidole na fimbo.

Halafu jaribu bado mashine imezimwa na propela inazungushwa, mbele, frii, rivasi, usukani umenyooka, umekata kulia, umekata kushoto, na mashine ikiwa imeinuliwa. Pote pawe sawa. Ukiridhika ndio urudishe plagi na kushusha majini.

Mzee_Mtwapa

Hamjambo wenzangu wa upande wa pili, mimi niko Mtwapa, nimefuatilia hii nikaona niongeze mawili kwa wale wenye mashine tofauti, kwa sababu watu watakuja kusoma hapa wadhani kila gia ngumu ni waya.

Kuna gia ngumu ya mashine IKIWAKA TU, ukizima inakuwa laini. Hiyo angalia mzunguko wa frii kwanza. Mashine nyingi za nje zinataka ziwe kati ya 600 na 1000 kwa dakika zikiwa frii, yako iko wapi hasa kitabu chake kitakwambia. Ikiwa juu sana, pengine mtu ameizungusha skrubu ya kabureta ili isizime, basi meno yanakutana kwa kasi, kuingia inapiga KANG na kutoka inagoma kwa sababu meno yamebebeshwa mzigo. Hapo ukibadilisha waya hata mara tatu hutapona, shusha mzunguko. Na gia uiweke kwa mpigo mmoja wa haraka na wa uhakika, wale wanaoisogeza polepole wakidhani wanaihurumia ndio wanaosaga pembe za meno.

La pili ni boti za mashine ya ndani yenye mguu wa nje, hapa kwetu zile za uvuvi wa wageni zipo. MerCruiser za Alpha zina waya wa chini unaopita kwenye mpira wa nyuma kwenda kwenye mguu, na huo ukianza kuwa mzito dalili yake ni ya ajabu kidogo, mashine INAZIMA ukitoa gia. Kuna swichi ndogo inayokata cheche za plagi kwa muda mfupi sana ili meno yapumue yatoke, sasa waya ukiwa mzito swichi inakaa imebonyezwa muda mrefu, mashine inakufa kabisa. Watu wanahangaika na kabureta na plagi, kumbe ni waya. Ukiona hivyo kagua waya wa chini, na ile mipira ikague vilevile maana maji ndiyo yanayoua ule waya.

Juma_Kigamboni

Somo zuri hili. Swali langu, ukiwa katikati ya bahari waya ukakwama kabisa unafanyaje? Maana si kila mtu atakuwa amekwama mchangani.

FundiBahari_Mkokotoni

Swali la maana Juma. Hata kama hakuna upepo wala mwamba, tupa nanga kwanza usikimbilie spana. Zima mashine. Fungua kava, toa waya wa gia kwenye mashine kama nilivyoeleza, weka gia mbele kwa mkono pale kwenye mkono mdogo wa chuma.

Sasa waya umekwama kwa hiyo mkono wa usukani haupandi, moto utaongezaje? Kwenye maboksi mengi kuna kitufe au namna ya kuvuta mkono nje, ile tunayotumia kupasha mashine moto ikiwa frii. Hiyo inatenganisha gia na moto, mkono ukiwa frii unaubonyeza, ukisogea unaongeza moto peke yake. Gia iko mbele tayari, unakwenda nyumbani taratibu.

Lakini kumbuka ile swichi inayozuia mashine isiwake kwenye gia, kwenye boti nyingi iko ndani ya BOKSI, inaangalia mkono uko wapi, haijui ndani ya mguu kuna nini. Mkono uko frii, gia umeiweka mbele, utawasha na boti itaondoka hapohapo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kila mtu akae chini, nyuma pasiwe na mtu wala kamba majini, nanga iwe imeshapandishwa, na kamba ya kuzimia iwe mkononi mwako. Kurudi frii huna, breki yako ni kuzima. Na mashine ikiwaka kava likiwa wazi hakuna kuingiza mkono mle, lile gurudumu la juu halina huruma na nguo, rudisha kava kabla ya kuwasha.

Nahodha_wa_Chole

Wakuu waya umefika, nimefunga leo. Njia nimeibadilisha, sasa unapita juu ya tangi badala ya ubavuni na kitanzi cha nyuma ni kipana. Mkono unaingia kwa vidole, frii inasimama frii, nimejaribu majini na kijana wangu nyuma anaangalia propela, kila nikisema frii anajibu imesimama, usukani pande zote. Dada wa Matemwe huo utaratibu wako nimeuchukua kama ulivyo. Kesho nitazunguka nao peke yangu ghubani bila wageni, keshokutwa ndio nirudi kazini.

Moja la mwisho fundi, waya wa moto umepita njia ileile ya zamani na umri ni mmoja na ule uliokufa. Bado ni mwepesi. Niubadilishe au niuache?

FundiBahari_Mkokotoni

Badilisha. Umebanwa na zip tai zilezile na kona ileile, ganda lake limekula chumvi ileile. Waya wa gia ukikwama unakosa frii, wa moto ukikwama mashine inabaki na mbio, na hapo huna muda wa kufungua kava. Ukiagiza mwambie muuzaji urefu uleule wa huu mpya, na umtumie picha ya kichwa cha waya upande wa mashine na upande wa boksi, maana vichwa vinatofautiana kati ya mashine na mashine. Mpaka ufike, zikate hizo zip tai leo na uutoe kwenye ile kona.